Baiskeli Imetoka kwa Nani? Mwongozo wa "borrow" na "lend"

"Can you borrow me your pen?" Sentensi hii utaisikia darasani, ofisini, na hata kwenye vikao vya watu waliosoma wakamaliza. Kalamu utapewa, maana anayekusikia anaona unahitaji kalamu. Lakini mtihani wa lugha hautakuonea huruma, na mkataba wa benki hautakuonea huruma kabisa. Kwenye mkataba, "borrow" na "lend" ni watu wawili wanaokaa pande mbili za meza: mmoja anadai, mwenzake anadaiwa.

Sikuletei fasili za kukariri. Wengi wetu tulizikariri shuleni, tukazipatia kwenye jaribio la Ijumaa, na Jumatatu tukarudi kwenye "borrow me". Fasili haisaidii sana mtu anapokuwa katikati ya mazungumzo. Kinachosaidia ni kuona kwamba Kiswahili chenyewe kinakuonyesha jibu kabla hujafungua mdomo, mradi ujue pa kuangalia.

Mkanganyiko unaanzia kwenye kitenzi chetu "kuazima", kwa sababu kinakwenda kote kuwili. "Nimeazima baiskeli kwa Juma": baiskeli imetoka kwa Juma, imekuja kwangu. "Nimemwazima Juma baiskeli": imetoka kwangu, imekwenda kwa Juma. Kitenzi ni kilekile. Ndiyo maana kamusi ndogo za mfukoni zikifika kwenye "borrow" huandika azima, na zikifika kwenye "lend" huandika azima tena, na mwanafunzi huondoka akidhani amepewa maneno pacha. Kamusi hazikukosea, ila zimeishia njiani. Wala tatizo hili si letu peke yetu. Mjerumani ana "leihen" na Mholanzi ana "lenen", na kila kimoja kinabeba pande zote mbili kama azima yetu. Katika majimbo ya kaskazini ya Magharibi ya Kati ya Marekani, walikohamia Wajerumani na Waskandinavia wengi, "borrow me" bado husikika kwa watu ambao hawajui lugha nyingine zaidi ya Kiingereza. Kwa hiyo ukikosea usione haya. Rekebisha tu.

Sasa rudi kwenye sentensi mbili za baiskeli, uzitazame kama fundi anavyotazama mnyororo. Katika "nimemwazima" kuna kitu kimeongezeka: ile "-mw-". Huyo ni Juma. Ameingia ndani ya kitenzi. Katika "nimeazima baiskeli kwa Juma", Juma yuko nje, amesimama baada ya "kwa". Hapo ndipo siri yote ilipo. Mtu akiwa ndani ya kitenzi, Kiingereza chake ni "lend". Mtu akiwa nje, au asipotajwa kabisa, ni "borrow".

Ijaribu kanuni hiyo kwenye maneno ya kila siku. "Niazime kamusi yako": ile "-ni-" ni mimi, nimo ndani, basi "Lend me your dictionary". "Walituazima viti": "-tu-" ni sisi, tumo ndani, basi "They lent us chairs". "Tuliazima viti kwa jirani": jirani yuko nje, basi "We borrowed chairs from our neighbour". "Gari hili ni la kuazima": hakuna mtu, basi "This car is borrowed". Hata nguo ya kuazima, ile ambayo methali inasema haisitiri matako, haina mtu ndani ya kitenzi chake. Ni "borrowed", hata kama mwenye nayo anajua vizuri sana kwamba yeye ndiye aliyetoa.

Kanuni hii inafanya kazi kwa sababu Kiingereza nacho kina mpangilio unaofanana nayo. "Lend" inakubali mtu akae karibu yake bila kitu cha kuwatenganisha: "lend me", "lend us", "lend Juma". "Borrow" haikubali. Ukiiwekea mtu, anayesikia atadhani mtu huyo ndiye aliyechukuliwa kwa muda akatumiwe kisha arudishwe. Tena ofisini husemwa hivyo kweli. Bosi akichungulia mlangoni na kukuambia "Can I borrow you for a minute?", anataka uache kazi yako kidogo umfuate. Ndivyo ilivyo kwenye "borrow me": kwa sikio la Mwingereza, unajitoa wewe mwenyewe.

Jihadhari zaidi na "kwa" yetu, maana nayo inakwenda kote kuwili. Tunasema "nimetoka kwa Asha" na "nakwenda kwa Asha", na maana haitupotei, kwa kuwa kitenzi kinatueleza tunaelekea wapi. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo: kitu kinachokuja kwako hutoka "from", kinachokwenda kwa mwingine huenda "to". Basi "I borrowed a book from Asha", na "I lent a book to Asha". "I borrowed a book to Asha" ni sentensi inayokwenda mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na msikilizaji itabidi aulize kitabu kiko kwa nani sasa. Ukibanwa na haraka, kumbuka kwamba "borrow" na "from" hutembea pamoja, ukilitaja moja jingine halipo mbali.

Kuhusu nyakati, jambo ni fupi. "Borrow" hupata "-ed" kama vitenzi vingi. "Lend" hubadilika kuwa "lent", katika wakati uliopita na katika hali timilifu pia: "I lent it yesterday", "I have lent it". "Lended" haipo. Na ukikutana na "Lent" yenye herufi kubwa katikati ya sentensi, hapo hakuna aliyeazimwa kitu. Hiyo ni Kwaresima, neno lenye asili nyingine kabisa.

Pesa zikiingia

Hadi hapa tumezungumzia vitu: baiskeli, viti, kamusi. Zikiingia pesa, Kiswahili huiweka "kuazima" pembeni na kuchukua "kukopa", na mambo yanakuwa rahisi ghafla, kwa sababu tuna jozi iliyo wazi: kukopa na kukopesha. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend". Kiambishi "-esha" kinatengeneza mtoaji. Hakuna Mswahili anayechanganya mkopaji na mkopeshaji, hata awe hajakanyaga darasa la Kiingereza. Ukikwama kwenye sentensi ya azima, jifanye unazungumzia pesa, uone kinywa chako kinataka kukopa au kukopesha, kisha chagua.

Hapo hapo kuna jambo ambalo vitabu vya kiada havilipi uzito, na kwangu mimi ndilo linalotofautisha anayetafsiri maneno na anayetafsiri maana. Kiswahili, kabla ya yote, kinauliza kitu chenyewe ni cha namna gani. Jembe unaliazima, kwa sababu utarudisha jembe lile lile. Shilingi elfu kumi unazikopa, kwa sababu noti zile utazitumia na utarudisha nyingine za thamani hiyo. Kiingereza hakijali hilo. Unaweza ku-"borrow" jembe, ku-"borrow" elfu kumi na ku-"borrow" kikombe cha sukari ambacho kesho kitakuwa kimeshanyweka. Swali lake ni moja tu: kimetoka upande gani?

Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, tofauti hii hupotea bila madhara. Kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, usikubali ipotee. "He borrowed money and a car from his brother" si "aliazima pesa na gari kwa kaka yake". Alikopa pesa, akaazima gari. Vitenzi viwili, na mfasiri aliyeviunganisha ameharakisha.

Mtego mwingine uko dukani. Mtu akisema "nimekopa unga kwa Mangi" au "kwa Mpemba", yaani kwa mwenye duka, hajaazima unga wala hatarudisha unga. Ameuchukua leo, atalipa mwisho wa mwezi, na jina lake limeandikwa kwenye daftari. Kwa Kiingereza hiyo si "borrow" hata kidogo. Ni "buy on credit", au "get it on credit". Ukiandika "I borrowed flour from the shop", msomaji atajiuliza ni duka gani hilo linaloazimisha unga. Kukopa kwetu kunabeba mambo mawili ambayo Kiingereza kimeyatenga: kuchukua pesa, na kuchukua bidhaa kabla ya kulipa.

Na ukilipia ili utumie, usiseme "borrow" wala "lend". Hapo tunatumia kukodi na kukodisha, au kupanga na kupangisha kama ni nyumba. Hapa Kiingereza ndicho kinachotuchanganya kwa zamu yake, kwa sababu "rent" inakwenda kote kuwili kama azima yetu. "I rent a house in Mombasa" inaweza kusemwa na mpangaji, na inaweza kusemwa na mwenye nyumba. Ili kuondoa utata, mwenye nyumba husema "rent out", au "let", neno lililoko kwenye vibao vya "To Let" unavyoviona Nairobi kwenye kila jengo lenye chumba kitupu. Sisi tuna pangisha na kodisha, na hatuhitaji kibao.

Mfano mmoja mrefu

Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili, iliyotoka mwaka 1969, aliiita "Mabepari wa Venisi". Ukiwa unayo nyumbani, una kitabu kizuri cha mazoezi ya somo hili, kwa kuwa kisa chote kinatokana na mkopo mmoja.

Bassanio anataka kwenda Belmont kumposa Portia na hana fedha. Anamwendea rafiki yake Antonio. Antonio angempa, lakini mali yake yote iko baharini kwenye meli. Basi wanakwenda kwa Shylock, na hati inaandikwa: dukati 3,000 kwa miezi mitatu, Antonio ndiye anayejifunga kulipa, na akishindwa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Sasa simulia kwa Kiingereza. "Shylock lends 3,000 ducats": yeye ndiye mtoaji. "Antonio borrows 3,000 ducats from Shylock": jina lake ndilo lililo kwenye hati. Ni tendo moja na fedha zile zile. Kilichobadilika ni mtu uliyemweka mwanzoni mwa sentensi. Na Bassanio? Fedha ziko mfukoni mwake, lakini kwenye hati si yeye mkopaji. Ukiandika "Bassanio borrows the money from Shylock" umeeleza fedha zilikokwenda, ila umemficha mtu ambaye kisu kitamfuata. Unaona basi kwamba kuchagua neno ni kuchagua nani awajibike. Na kuna chuki ya zamani kati ya wafanyabiashara hao wawili, ambayo nayo ni ya "lend": Antonio huwakopesha watu bila riba, na kwa kufanya hivyo anashusha bei ya biashara ya Shylock. "Antonio lends money without interest." Jaribu kuiweka "borrow" hapo uone sentensi inavyogeuka: Antonio anakuwa mtu mwenye bahati anayekopeshwa bure.

Kwenye karatasi yenye saini

Tangu M-Shwari ianze Kenya mwaka 2012 na M-Pawa Tanzania mwaka 2014, mkopo umekuwa kitu cha kubonyeza kwenye simu. Ukikuta masharti yake kwa Kiingereza, tafuta kwanza maneno mawili yanayoandikwa kwa herufi kubwa: "the Lender" na "the Borrower". La kwanza ni wao, la pili ni wewe. Kisha soma kila kifungu ukijiuliza nani kati ya hao wawili anabebeshwa mzigo. "The Borrower shall" maana yake wewe utalazimika. "The Lender may" maana yake wao wanaweza, wakipenda. Ukikuta "The Lender may assign this loan to a third party", umeambiwa kwamba deni lako linaweza kuhamishiwa kwa mtu ambaye hukuwahi kukaa naye meza moja. Na "the Guarantor" ni mdhamini: hakupokea senti, lakini mkopaji akikimbia, hodi itapigwa mlangoni kwake.

Ukiweka nyumba au shamba rehani, maneno yanageuka kwa namna inayowapotosha hata wanaojua Kiingereza vizuri. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inazungumzia "mortgagor" na "mortgagee". Wengi hudhani "mortgagor" ni benki, kwa kuwa neno lenye "-or" linasikika kama la mtoaji, na benki ndiyo iliyotoa fedha. Sivyo. "-or" ni mtoaji kweli, lakini anachotoa ni rehani. Anayetoa rehani ni mwenye shamba, yaani mkopaji. Benki inaipokea, kwa hiyo ni "mortgagee". Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inatumia "chargor" na "chargee" kwa mtindo huo huo. Mtu huyo huyo ni "borrower" ukitazama fedha, na ni "mortgagor" ukitazama ardhi.

Kwenye kurasa za biashara utakutana na "lending rate" na "borrowing costs". Riba wanayoizungumzia ni ile ile. Mwandishi akisema "lending rates" amesimama upande wa benki, akisema "borrowing costs" amesimama upande wako. Na waziri wa fedha akitaja "domestic borrowing", serikali ndiyo mkopaji. Aliyenunua hati fungani, hata awe mstaafu wa Dodoma, ni mkopeshaji wa serikali.

Wapenzi wa mpira wanalijua neno la tatu, "loan". Kwa Kiingereza cha kawaida hilo ni jina: mkopo. Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi chenye maana ya "lend", hasa kwa pesa na vitu vya kushikika, na baadhi ya wahariri wa Uingereza bado wanalikunjia uso. Ila kwenye soka hakuna anayebishana. Mwaka 2021 Fenerbahçe ya Uturuki ilimtoa Mbwana Samatta kwa mkopo kwenda Royal Antwerp ya Ubelgiji, na mwaka uliofuata ikamtoa tena kwa mkopo kwenda Genk, klabu yake ya zamani. Kiingereza chake ni "Fenerbahçe loaned Samatta to Antwerp", au "Samatta joined Antwerp on loan from Fenerbahçe". Kisarufi "Antwerp borrowed Samatta" haina kosa, lakini inamfanya mshambuliaji asikike kama ngazi ya jirani.

Pasipofaa "borrow"

Ukiwa mgeni nyumbani kwa mtu, usiombe ku-"borrow" choo. "Borrow" ni kwa kitu unachoweza kuondoka nacho. Kitu kisichobebeka, au unachokitumia hapo hapo mbele ya mwenyewe, ni "use": "May I use your toilet?" Simu iko katikati, maana unaweza kuishika na kusogea nayo pembeni, kwa hiyo "borrow your phone" na "use your phone" zote zinapita.

Kuna misemo ambayo "lend" imejichukulia peke yake. "Lend a hand" ni kusaidia kazi, "lend an ear" ni kumsikiliza mtu mwenye la kusema. Hakuna anayegeuza akasema "borrow a hand". "Borrow" nayo ina yake: "living on borrowed time" husemwa juu ya mtu au kitu kilichotarajiwa kwisha zamani na bado kipo. Na wanaisimu, kwa sababu wanazozijua wenyewe, huliita neno lililotoka lugha nyingine "borrowing" au "loanword", ingawa hakuna lugha inayorudisha. Swahili borrowed "meza" from Portuguese, English borrowed "safari" from Swahili. Sentensi hizo mbili zinafaa kwa mazoezi, kwa sababu mpokeaji yuko mwanzoni na "from" iko mahali pake.

Jipime kabla ya kukunja gazeti. Tafsiri hizi: "Shangazi alimwazima Neema vitenge viwili." "Mama Neema amekopa mchele dukani." "Chama chetu kinakopesha wanachama tu." "Neema amepanga kwa Mzee Salum."

Ya kwanza ina "-mw-", Neema yuko ndani: "Her aunt lent Neema two vitenge." Ya pili ni ule mtego wa duka: "Neema's mother got some rice on credit." Ya tatu ina "-esha": "Our society lends only to members." Ya nne haina "borrow" wala "lend", kwa sababu kodi inalipwa: "Neema rents a room from Mzee Salum." Ukitaka kuieleza upande wa mzee, ni "Mzee Salum rents out a room to Neema", na kile kineno "out" usikidondoshe njiani, maana bila hicho, msomaji anayesoma haraka atakapofika kwenye "rents a room" atakuwa ameshamfanya mzee mpangaji ndani ya nyumba yake mwenyewe.